Maji hayana miguu: miaka yangu na neno "run"

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Kilikuwa kipeperushi cha afya cha ukurasa mmoja, maagizo machache ya kunawa mikono, na agizo la kwanza lilisema "Wash your hands under running water". Nilikuwa na miezi michache tu katika kazi ya kutafsiri, nikaandika bila kusita: "Nawa mikono kwa maji yanayokimbia." Nikapeleka, nikalala usingizi mzuri.

Kesho yake kazi ikarudi. Mhariri alikuwa mama mtu mzima, mtu wa kazi hiyo tangu enzi za taipureta. Alikuwa amelipigia mstari neno moja kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Mwanangu, maji hayana miguu." Chini yake akaliandika neno lake: yanayotiririka.

Nikampigia simu. "Shikamoo mama. Lakini 'run' si kukimbia?"

"Marahaba. Ni kukimbia ukiwa na miguu. Sasa kaa chini ulitafute ukiwa huna."

Nikakaa chini. Miaka imepita mingi, mama yule amekwisha kustaafu, na mimi bado nalitafuta. Ndiyo maana naandika makala hii. Watu wengi hudhani ugumu wa Kiingereza uko kwenye maneno marefu, yale ya madaktari na mawakili. Mimi maneno marefu hayajawahi kuninyima usingizi. Neno refu kwa kawaida lina maana moja, unalifungulia kamusi ukamalizana nalo. Vinavyotesa ni vijineno vya herufi tatu nne ambavyo mtoto wa Kiingereza anavijua kabla hajaanza shule: "get", "set", "put", "take". Na mkubwa wao wote ni "run".

Ukubwa huo umehesabiwa. Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary, lililotoka mwaka 1989, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", likiwa na maana 430. Baadaye wahariri wakaanza kuipitia kamusi yote upya. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba "run" limechukua nafasi hiyo: kitenzi peke yake, bila kuhesabu nomino, kimefikisha maana 645. Mhariri aliyelishughulikia, Peter Gilliver, alikaa nalo kiasi cha miezi tisa. Miezi tisa, mimba nzima, kwa neno moja la herufi tatu. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifarijika sana, maana niliona kwamba hata wenye lugha yao wanalitolea jasho.

Sasa turudi kwenye maji. Kwa muda mrefu niliamini kwamba Waingereza waliliazima neno la mkimbiaji wakampa mto, kama sisi tunavyosema jua limezama ingawa hatujaliona likiingia majini. Sivyo. Ukirudi nyuma hadi Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, unakikuta kitenzi kilichoandikwa "rinnan" au "irnan", na tayari kina maana zote mbili: mtu kwenda mbio na maji kutiririka. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa damu wa Kiingereza, kimeyatenganisha hayo mawili hadi leo: "rennen" ni kukimbia, "rinnen" ni kutiririka. Kwa hiyo maji hayakuazima chochote kwa mkimbiaji. Walizaliwa nyumba moja. Hata "rennet", ile dawa ya kugandishia maziwa ya jibini, inatoka katika mzizi huo huo, kwa sababu maziwa yakiganda chembe zake hukusanyika pamoja, na Waingereza wa zamani waliuita mkusanyiko huo pia "kukimbia".

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu lilikaa wapi. Nilikuwa nimeshika maana niliyofundishwa kwanza, nikaifanya baba, na hizo nyingine zote nikazifanya watoto. Mwalimu wa kwanza wa Kiingereza huchora mtu anakimbia, anaandika "run" chini yake, na picha hiyo inakaa kichwani kama muhuri. Lakini neno lenyewe halina picha hiyo. Kiini chake ni kwenda bila kukatika, kwenda mfululizo. Miguu ni njia mojawapo tu ya kwenda hivyo.

Ukilishika kwa kiini hicho, mengi yanafunguka. Pua ya mtoto "inarun": kamasi zinamtoka bila kukoma. Mshumaa "unarun": nta inachuruzika. Mashine "inarun": inafanya kazi, haijasimama. Mchezo wa kuigiza "unarun" wiki sita: unaoneshwa wiki sita mfululizo. Mkataba "unarun" miaka mitatu, yaani unadumu miaka mitatu. Basi "linarun" kati ya miji miwili: linakwenda na kurudi kila siku. Mmea wa kutambaa "unarun" juu ya ardhi, na ule mche unaoutoa pembeni unaitwa "runner", sawa na mwanariadha. Maana hizi za vyombo na mitambo zilifurika hasa katika karne ya 19, enzi ya injini za mvuke na reli, na karne ya 20 ikaongeza kompyuta na programu zake. Kila kitu kipya kilichokwenda chenyewe bila kusukumwa kilihitaji kitenzi, na "run" lilikuwa pale mlangoni linasubiri.

Kuna maana moja ninayoipenda kuliko zote, ile ya rangi. Nguo ikifuliwa na rangi yake ikatoka, Mwingereza anasema rangi "imerun". Sisi tunasema nguo imechuja. Hebu litazame neno letu vizuri. Kuchuja ni kazi ya kitambaa au chujio: unamimina nazi, tui linapita, machicha yanabaki. Nguo inayochuja ni nguo inayoachia rangi ipite na maji, yenyewe ikibaki imepauka kama machicha. Mwingereza alikuwa anaitazama rangi inavyokwenda zake. Mswahili alikuwa anaitazama nguo inayoachwa. Beseni moja, maji yale yale, na macho mawili tofauti. Mtafsiri anayeandika "rangi zimekimbia" hajakosea neno tu, ameuacha mkono wa mtu aliyewahi kufua.

Na kuna mahali ambapo lugha hizi mbili, bila kukutana, zimeona kitu kimoja. Neno letu la kuendesha ni "enda" lililotiwa kiambishi cha kusababisha: kufanya kitu kiende. Ndiyo maana tunaendesha gari, tunaendesha shule, tunaendesha mkutano, tunaendesha programu ya kompyuta, na katika zote hizo "run" linatosha upande wa pili, isipokuwa gari, ambalo Waingereza wana "drive" lake. Lakini pia tunasema mgonjwa ana tumbo la kuendesha. Mwingereza wa kawaida, akiwa hayuko mbele ya daktari, ugonjwa huo anauita "the runs". Nililigundua hilo nikitafsiri maelezo ya dawa, saa za usiku, nikasimama kabisa kutoka kitini. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Tumbo ndilo lililowafundisha wote wawili.

Tofauti kubwa ya lugha hizi, nionavyo, iko mahali zinapoweka uzito wa maana. Kiingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo kikakitundikia kijineno nyuma. "Run out" ni kuishiwa. "Run into" ni kukutana na mtu bila kutazamia. "Run over" ni kumgonga mtu kwa gari, na "run through" ni kupitia jambo harakaharaka. "Run down" ni betri kwisha nguvu, au kumsema mtu vibaya, au mtu mwenyewe kuchoka hadi mifupa. Mwanafunzi anayetafuta maana ndani ya "run" hapo atahangaika bure, maana imehamia kwenye kale kajineno ka nyuma.

Kiswahili hakitundiki, kinafinyanga. Kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana, kimbizia. Ukimkimbia mtu unamwepuka. Ukimkimbilia unamwendea akusaidie. Ni herufi mbili tu katikati, na mtu yule yule amegeuka kutoka hatari akawa msaada. Kutoka mzizi huo tunapata kimbilio, tunapata mkimbiaji, tunapata mkimbizi. Mkimbiaji na mkimbizi! Mmoja anashangiliwa akifika, mwingine anaulizwa karatasi, na lugha yetu inakumbuka kwamba wote wawili walianza kwa tendo moja. Kiingereza hakina kumbukumbu hiyo. "Runner" na "refugee" hawajuani kabisa. Hilo la pili lilitoka kwa Wafaransa, na lilishika Uingereza wakati Waprotestanti wa Ufaransa walipokimbia nchi yao baada ya mfalme Louis XIV kuifuta Amri ya Nantes, iliyokuwa imewapa uhuru wa kuabudu, mwaka 1685. Ninapotafsiri habari za wakimbizi huwa nahisi nimepewa zawadi ambayo mwandishi wa awali hakuwa nayo, na wakati mwingine huwa naogopa uzito wake, kwa sababu msomaji wa Kiswahili anaisikia miguu ndani ya neno hata kama mwandishi alikusudia hesabu tu.

Siasa nayo ina kisa chake. Mmarekani anayetaka kiti "anarun for office", anakimbia. Mwingereza anayetaka kiti kama hicho anasimama: "stand for election". Sisi hatukimbii wala hatusimami, tunagombea, na gombea ni mtoto wa gomba, neno la ugomvi. Watu watatu wanaelekea sanduku moja la kura, mmoja kwa mbio, mmoja kwa kusimama wima, mmoja kwa kuvutana. Sitaki kusema lugha ipi imeijua siasa vizuri zaidi. Nasema tu kwamba mtafsiri akiandika "anakimbilia ubunge" amesema jambo jingine kabisa, tena zito: kwamba yule mtu ana kitu anachokikimbia na ubunge ndio kimbilio lake. Nimeshaliona hilo likichapwa, na sidhani mgombea mwenyewe alifurahi.

Baada ya kosa la maji nilijinunulia tesauri, kitabu kinachokusanya pamoja maneno yenye maana zinazokaribiana. Neno hilo lina asili ya Kigiriki na maana yake ni hazina. Aliyeipatia umaarufu ni daktari wa London, Peter Mark Roget, aliyezaliwa mwaka 1779. Alianza kujikusanyia orodha ya maneno akiwa kijana, mwaka 1805, kwa matumizi yake mwenyewe, na akaitoa kama kitabu mwaka 1852, akiwa na umri wa miaka 73. Hakuyapanga maneno kwa alfabeti. Aliyapanga kwa mawazo, chini ya vichwa 1,000: hapa mwendo, pale utulivu, hapa hofu, pale ujasiri. Mtu aliyekwisha kuwa na wazo lakini amekosa neno angeingia mtaa wa wazo hilo na kutazama nani anaishi pale.

Majirani, basi. Si pacha. Hili sikulielewa mwanzoni, na nadhani hata leo wengi wanaoitumia tesauri hawalielewi. Wanaona "run, manage, govern, operate, direct" katika mstari mmoja na kudhani wanaweza kuchukua lolote, kama mtu anayechukua kijiko kwenye droo. Mimi nilifanya hivyo kwa mwaka mzima. Nilikuwa nikiona neno limejirudia, naweka jingine ili ukurasa upendeze. Mama yule alikuwa akiyarudisha yote, moja baada ya jingine, bila maelezo.

Chukua haya yanayohusu kuongoza jambo. "Govern" lilipitia Kifaransa na Kilatini, lakini mwanzo wake ni Kigiriki, katika neno la kushika usukani wa chombo baharini. "Manage" lilitoka Kiitaliano, kwa watu waliokuwa wakifundisha farasi, na ndani yake kuna mkono, "mano". "Operate" ni Kilatini, na ndani yake kuna kazi. Kila moja limekuja na kivuli chake. "Govern" bado lina bahari nyuma yake, ndiyo maana linafaa nchi na halifai kibanda. "Manage" bado lina mnyama anayeweza kugoma, ndiyo maana Mwingereza akisema "I managed" anamaanisha niliweza, kwa tabu. Na "run", la nyumbani, lisilo na shule, ndilo analolitumia mtu kwa kitu anachokijua kwa ndani: "She runs the place." Mahali pale panakwenda kwa sababu yake yeye. Akiumwa, panasimama.

Upande wetu mpangilio ni huo huo, vivuli ni vingine. Anayesimamia amesimama karibu na kazi, anaitazama. Anayeongoza amewaweka watu kwenye njia iliyonyooka, kwa maana ongoza ni ndugu wa ongoka. Anayetawala ana amri, na neno lake limetoka Kiarabu. Anayeendesha ndiye anayefanya kitu kiende. Sasa "She runs the place" utalitafsirije? Kama ni mkurugenzi mwenye ofisi yake, anaongoza. Kama ni karani ambaye hana cheo lakini bila yeye hakuna barua inayotoka, basi ndiye anayeendesha, na ukiandika "anaongoza" umempa cheo ambacho hakupewa na umemnyima nguvu aliyo nayo. Huwezi kulijua hilo kwa kulitazama neno. Inabidi uisome sura nzima. Mwanaisimu wa Uingereza John Rupert Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wale linaoandamana nao. Mama yangu wa kalamu nyekundu alikuwa akisema hivyo hivyo kwa simu, kwa maneno machache zaidi: "Linatembea na nani hapo?"

Majirani wa kukimbia kwa miguu ni wengi, nitawapitia upesi, ila wawili siwezi kuwaacha. "Jog" ni mchakamchaka, "sprint" ni kutoka mkuku, "flee" ni kukimbia hatari au kutoroka. Lakini "bolt" linashangaza. Zamani lilikuwa jina la mshale mfupi mzito unaofyatuliwa kwa upinde wa mtambo, na farasi akishtuka akachomoka ghafla, alifanya "bolt", alifyatuka kama mshale ule. (Na dunia ilimpata mtu wa kulibeba jina hilo, Usain Bolt, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009.) Komeo la mlango nalo ni "bolt", kwa kuwa ni kipande cha chuma chenye umbo lile lile. Hivyo neno moja linachomoka na mtu na pia linamfungia ndani.

La pili ni "fast", linaloandamana na "run" kila siku. Leo ni upesi. Lakini asili yake ni imara, iliyokazwa, isiyotikisika, na maana hiyo bado ipo katika "hold fast", kushikilia kwa nguvu, na "fasten", kufunga. Kukimbia kwa kukaza ndiko kulikogeuka kukimbia kwa upesi. Na "fast" ni nini tena? Ni kufunga, kule kwa kujizuia chakula, kutoka mzizi huo huo wa kushika imara. Sisi je? Tunafunga mlango, tunafunga kamba, tunafunga saumu. Nilipoliona hili nilikaa nalo siku nzima. Lugha mbili zenye mababu tofauti kabisa zimeitazama njaa ya hiari na kuona ndani yake fundo lililokazwa.

Ningependa niseme kwamba sisi hatuna neno kama "run", ila tunalo, tena tunalitumia kila saa bila kulisikia: piga. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, kura, magoti, hodi, mswaki, deki, chafya, mbizi, soga, kelele, ramli, marufuku. Tunapiga hata mbio. Mgeni anayejifunza Kiswahili na kuanza na picha ya fimbo ataumia kama nilivyoumia mimi na maji. Wakati mmoja mwanafunzi wa kigeni aliniuliza kwa nini Waswahili wanazipiga nguo pasi, zimekosa nini. Nikamwambia alichoniambia mama: alitazame neno linatembea na nani.

Juzi nilikuwa na sentensi nyingine, kwenye hadithi: "The road runs along the river." Niliandika "Barabara inapita kando ya mto." Ni sahihi, hakuna mhariri ambaye angeikata. Lakini haiendi. Barabara inayopita kando ya mto inaweza kuwa imeugusa mara moja na kuendelea na safari zake, na barabara ya mwandishi yule haikuuacha mto hata hatua moja. Nikajaribu "inafuata mto". Ikawa kama barabara inaunyemelea. Nikafunga daftari, nikaenda kuosha vyombo, na mikono ikiwa ndani ya povu neno likaja, neno la mabaharia, la chombo kinachokwenda pwani kwa pwani bila kupoteza nchi kavu machoni.

Nikajifuta mikono, nikarudi mezani, nikaandika: "Barabara inaambaa na mto."